Manahodha Wawili Katika Chombo Kimoja

Tarehe 18 Juni 1914, kando ya Mto Seine huko Bezons, karibu na Paris, watu walikusanyika kutazama mashindano ya usalama wa ndege. Siku hizo ndege ilikuwa kitu cha mbao, kitambaa na nyaya, na rubani aliyeachia usukani hata kwa nukta chache alikuwa anachezea roho yake. Kijana Mmarekani wa miaka 21, Lawrence Sperry, alipita mbele ya waamuzi katika ndege ya Curtiss iliyoweza kutua majini, akainua mikono yote miwili juu ili kila mtu aione. Ndege ikaendelea na mwendo wake kana kwamba hakuna lililotokea. Baadaye fundi wake Mfaransa, Emil Cachin, alitoka alipokaa akatembea juu ya bawa. Uzito wa mtu mzima upande mmoja ungetosha kuibinua ndege ya wakati ule, lakini bawa lilizama kidogo tu, kisha likarudi usawa wake bila mtu kuligusa. Sperry akapewa zawadi ya faranga 50,000.

Mengi yanayosemwa hadi leo kuhusu rubani otomatiki yanafuata picha ile ya mikono mitupu: mashine imeingia, basi mtu anatoka. Historia yenyewe ina hadithi nyingine. Kwa zaidi ya miaka 100 mashine imekuwa ikikabidhiwa kazi moja baada ya nyingine, na kila kazi iliyohama iliacha nyuma swali ambalo halikuwapo zamani: kwa dakika hii, nani ameshika usukani? Pale swali hilo lilipokuwa na jibu moja linalojulikana na wote, usafiri wa anga umekuwa salama kiasi ambacho waliosimama Bezons wasingesadiki. Pale lilipokuwa na majibu mawili, au lilipokosa jibu kabisa, watu wamekufa. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Historia ya rubani otomatiki ni ufafanuzi mrefu wa methali hiyo.

Kilichowashangaza watu wa Bezons kinafahamika kwa mtoto yeyote aliyewahi kucheza pia. Pia inayozunguka kwa kasi husimama wima, na ukijaribu kuilaza inakataa. Mwaka 1852 mwanasayansi Mfaransa Léon Foucault alitumia gurudumu la namna hiyo kuonyesha kwamba dunia inazunguka, akaliita jairoskopu. Baba yake Lawrence, Elmer Sperry, alilichukua gurudumu hilo akatengeneza dira ya meli isiyotegemea sumaku, na mwaka 1910 akaanzisha kampuni iliyobeba jina lake. Mwanawe akalipandisha angani. Ndege ikiinama, gurudumu linabaki katika usawa wake wa awali, kwa hiyo tofauti kati ya viwili hivyo inaonyesha ndege imeinama kiasi gani na upande upi. Tofauti hiyo inaamsha mtambo mdogo unaovuta vibao vya mkiani au vibawa vilivyo ukingoni mwa mabawa hadi usawa urudi. Huo ndio moyo wa kila rubani otomatiki aliyefuata, hata katika ndege za sasa ambazo badala ya gurudumu hutumia miale ya leza inayozungushwa ndani ya kisanduku: pima ulivyo, linganisha na unavyotakiwa kuwa, rekebisha tofauti, pima tena.

Kurekebisha nako kuna ufundi, na ufundi huo ulichukuliwa kwa binadamu. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, aliwatazama washika usukani wa meli wakiwa kazini, na mwaka 1922 akachapisha maelezo ya kihisabati ya kile walichokuwa wakikifanya. Aliona kwamba mshika usukani mzoefu haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anaangalia pia inapotoka kwa kasi gani, ili aanze kuirudisha kabla haijapitiliza, na anakumbuka kwamba upepo umekuwa ukiisukuma upande mmoja tangu asubuhi, kwa hiyo anauacha usukani umelala kidogo kuufidia. Kosa la sasa, kasi ya kosa, na jumla ya makosa yaliyopita: kwa mambo hayo matatu Minorsky aliweza kuiongoza meli ya kivita New Mexico katika majaribio, na kwayo mitambo ya ndege hushikilia kimo na mwelekeo hadi leo. Msomaji wa pwani hatashangaa. Neno rubani lilikuwa la baharini kabla ya kupanda angani, na wanaoshika kana za majahazi yetu wamekuwa wakizifanya hesabu hizo tatu kwa mkono bila kuziandika popote.

Minorsky aliunakili mkono wa mshika usukani. Macho yake, masikio yake, na ile hofu inayomfanya ageuke nyuma kutazama wingu, vilibaki kwa mtu. Mgawanyo huo ulionekana wazi katika safari ya Wiley Post mwaka 1933. Post, rubani Mmarekani mwenye jicho moja, alikuwa ameizunguka dunia mwaka 1931 akiwa na mwongoza njia, Harold Gatty. Safari hii alitaka kwenda peke yake, na nafasi ya mwenzake akaipa mashine ya Sperry. Aliondoka New York tarehe 15 Julai akarudi baada ya siku 7, saa 18 na dakika 49, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa ndege peke yake. Mashine ilimsumbua, ikamlazimu kutua ili itengenezwe. Ilipofanya kazi ilimruhusu kusoma ramani, kula na kusinzia. Inasimuliwa kwamba alijifunga spana kidoleni kwa kamba, ili usingizi ukimchukua kabisa spana idondoke, imvute kidole na kumwamsha. Post alijua alichokabidhi na alichobaki nacho. Mashine ilishika usawa, yeye alishika safari, na spana ikalinda mpaka kati yao.

Vita Kuu ya Pili iliharakisha mambo, na mnamo Septemba 1947 ndege ya jeshi la Marekani aina ya C-54 ilivuka Atlantiki kutoka Newfoundland hadi Brize Norton, Uingereza, ikipaa, ikisafiri na kutua kwa mitambo huku watu waliokuwamo wakitazama. Mtu angeweza kudhani mjadala umekwisha. Lakini mwaka uliofuata mtafiti Mwingereza, Norman Mackworth, alitoa matokeo yaliyopaswa kuwanyima usingizi wote walioshangilia. Aliwaketisha watu mbele ya saa yenye mshale mmoja unaoruka hatua kwa hatua, akawataka waseme kila unaporuka hatua mbili kwa mkupuo. Baada ya nusu saa hivi umakini wao ulishuka waziwazi, na miruko ikaanza kuwapita. Mackworth alikuwa akiwafikiria askari wanaokesha mbele ya rada, lakini maana yake kwa ndege ilikuwa kubwa zaidi. Kazi iliyobaki mikononi mwa rubani, yaani kumtazama mfanyakazi asiyekosea, ndiyo kazi ambayo binadamu anaiweza kwa shida kuliko nyingine.

Waliolielewa tatizo hilo mapema zaidi walikuwa Waingereza waliokuwa wakipambana na ukungu. London ya wakati ule, pamoja na moshi wake wa makaa ya mawe, ilifunga viwanja vya ndege siku nzima. Njia ya kuteremka ilikuwapo: antena za uwanjani hutuma miale miwili ya redio, mmoja ukionyesha mstari wa katikati ya njia ya kutulia, mwingine ukionyesha mteremko, ambao kwa kawaida ni wa nyuzi 3. Kuifuata miale hiyo mashine iliweza. Kilichowatisha wahandisi ni mita chache za mwisho, kwa sababu hapo mashine ikikosea, rubani asiyeona nje hana muda wa kuinyang'anya usukani. Walikubali ukweli huo. Katika ndege ya Trident waliweka mitambo mitatu inayojitegemea, kila mmoja ukipima na kuamua peke yake. Wawili wakikubaliana na wa tatu akapingana nao, wa tatu hutengwa, kama shahidi anayesimama peke yake mbele ya kadhi. Tarehe 10 Juni 1965 Trident ya shirika la BEA ikitoka Paris na abiria ilitua Heathrow, na kule kuinua pua kabla ya magurudumu kugusa ardhi kulifanywa na mitambo. Huko jibu la swali letu lilikuwa moja: katika mita hizo chache mashine ndiyo imeshika, nayo imejengwa ili istahili kushika.

Mtu anaweza kusema basi dawa ni kuzidisha ubora wa mashine. Mwaka 1972 ulitoa jibu. Mwezi Mei, ndege mpya ya Lockheed TriStar ilivuka Marekani kutoka Palmdale, California, hadi uwanja wa Dulles karibu na Washington, ikipaa, ikisafiri na kutua kwa mitambo. Rubani otomatiki wake alikuwa miongoni mwa walio hodari zaidi katika ndege za abiria. Usiku wa Desemba 29 mwaka huohuo, TriStar ya Eastern Air Lines ikitoka New York ilikaribia Miami na watu 176. Gurudumu la mbele liliposhushwa, taa ya kijani ya kuthibitisha haikuwaka. Marubani wakapanda hadi futi 2,000, wakamkabidhi rubani otomatiki ashike kimo, wakaanza kuhangaika na kitaa. Mmoja alikuwa akijaribu kukichomoa, mwingine ameteremka chini ya sakafu kuchungulia gurudumu. Katika heka heka hizo, inaelekea mtu aliuegemea usukani, na msukumo huo mdogo ukatosha kuufungua mfumo wa kushika kimo. Ndege ilianza kushuka polepole mno mwili usiweze kuhisi, juu ya kinamasi cha Everglades ambako hakukuwa na taa hata moja ya kuwaonya. Kengele laini ililia mara moja, hakuna aliyeigeukia. Watu 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limeshuka sawasawa, balbu tu ndizo zilizoungua. Mashine haikukosea: ilidhani imenyang'anywa kazi, na watu wakadhani bado inayo.

Zaidi ya miaka 34 baadaye jambo lilelile lilitugusa nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi, katika giza na hali ya mvua kubwa. Uchunguzi wa serikali ya Kamerun ulionyesha kwamba mara baada ya kupaa, kapteni alitamka agizo la kumkabidhi usukani rubani otomatiki, lakini kinasa data hakikuonyesha kwamba alishika, na rubani msaidizi hakusikika akithibitisha. Kwa karibu dakika moja hakuna mkono uliokuwa ukiiongoza ndege, wa mtu wala wa mashine. Ikaendelea kulalia kulia taratibu, hadi onyo lilipolia ikiwa imeinama zaidi ya nyuzi 30. Kapteni aliposhtuka, gizani, bila upeo wa macho wa kumwambia juu ni wapi na chini ni wapi, aliuzungusha usukani huku na huku, na kwanza kabisa kuelekea kulekule kulia. Ndege iliangukia katika kinamasi cha mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani, na ilichukua karibu siku mbili kuipata. Watu wote 114 walikufa. Methali inaonya juu ya manahodha wengi. Douala ilionyesha upande wake wa pili, kwamba wakiwa wawili na kila mmoja akadhani mwenzake ameshika, chombo hakina nahodha.

Zipo pia nyakati ambapo mashine inaurudisha usukani kwa uwazi kabisa na bado maafa yanatokea. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliingia kwenye mawingu yenye barafu juu ya Atlantiki. Mirija inayopima kasi ikaziba, vipimo vikagongana, na rubani otomatiki akajiondoa kama alivyoumbwa kufanya, kwa kuwa hakujua tena kipimo kipi cha kuamini. Kapteni alikuwa mapumzikoni. Vijana wawili waliokuwa mbele, waliozoea kuitazama ndege ikijiongoza katika kimo kile, ghafla walikuwa na ndege mikononi, usiku, huku wasijue kasi yao. Aliyeshika akavuta pua juu, mabawa yakapoteza uwezo wa kuibeba ndege, na onyo likalia na kulia. Kibaya zaidi, kasi iliposhuka mno onyo lilinyamaza, na pua iliposhushwa, jambo lililokuwa sahihi, likaanza tena kulia kana kwamba linakaripia tiba. Tangu mashine ilipoachia hadi ndege kupiga maji zilipita dakika 4 na sekunde 20 na kitu. Mirija ilizibuka mapema, chini ya dakika moja. Watu 228 walikufa katika ndege iliyokuwa nzima.

Hapa pana hoja nzito ya upande wa pili, nayo inastahili kusikilizwa. Ajali hizi, watasema, zinathibitisha kwamba mtu ndiye udhaifu: taa ilimshughulisha, giza lilimchanganya, mshtuko ulimvurugia akili. Tena ndege zimekuwa salama kadiri mitambo ilivyoongezeka, na mwaka 2017 ulipita bila ajali hata moja ya kuua abiria katika jeti kubwa za abiria za biashara. Sehemu ya pili ya hoja ni kweli tupu, na hakuna mwenye akili anayetaka kurudi kwenye usukani wa kushika kwa mkono saa kumi mfululizo. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye ufa. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliuonyesha mwaka 1983, katika makala kuhusu kinaya cha mitambo. Mhandisi, alieleza, huichukua kazi iliyo rahisi kuandikiwa kanuni, na ile asiyoweza kuiandikia anamwachia mtu, kisha anamnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuifanya. Mtu anaitwa usukani pale tu mambo yanapokuwa magumu kuliko uwezo wa mashine, naye ndipo anapokuwa amepooza mikono kwa kutoutumia ufundi wake. Kumlaumu yeye peke yake ni kumlaumu mlinzi aliyenyang'anywa tochi kwa kutomwona mwizi.

Tena takwimu za makosa ya binadamu zina pengo. Zinahesabu siku mtu alipokosea, wala hazihesabu safari ambazo mtu aliona wingu baya akaligeukia kando, au alihisi kipimo kinadanganya akakipuuza, kwa sababu safari hizo zinafika na hakuna anayeziandikia ripoti. Mara chache inatokea tunaona. Januari 2009 ndege wa mwituni walizima injini zote mbili za Airbus A320 iliyotoka tu New York. Hakuna kompyuta iliyokuwa na maelekezo ya kutua mtoni. Marubani waliamua, na mfumo wa ndege ukawasaidia kwa kuizuia isivuke mipaka ya mabawa yake. Wote 155 waliokolewa katika Mto Hudson. Ule ulikuwa mgawanyo wa kazi wa Wiley Post katika umbo jipya: uamuzi kwa mtu, usawa kwa mashine, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Hoja nyingine ni kwamba mashine sasa imemaliza mafunzo: tangu mwaka 2020 zipo ndege ndogo zenye mfumo wa Garmin unaoweza kuchagua uwanja, kuteremka na kutua bila msaada iwapo rubani amezimia. Mfumo huo unastahili sifa, lakini tazama unavyofanya kazi. Ukishika, unatangaza kwamba umeshika. Abiria wanaambiwa kwa sauti na kwa kioo, na waongozaji wa anga wanaambiwa kwa redio. Hakuna mtu aliyemo ndani au nje anayeachwa akikisia. Umefaulu kwa sababu umelichukulia swali la nani ameshika kwa uzito uleule wa miale na vipimo.

Ukitaka kuona kinyume chake, iangalie Boeing 737 MAX. Mfumo wake uitwao MCAS haukuwa rubani otomatiki. Ulifanya kazi pale tu rubani otomatiki alipokuwa amezimwa, yaani pale rubani alipoamini kwamba anairusha ndege kwa mkono wake. Uliisukuma pua chini kwa kuamini kihisi kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili, na mwanzoni marubani hawakuelezwa kwamba upo. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia na watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kupaa Addis Ababa, ikaua watu 157, wakiwamo Wakenya 32. Wahandisi wa Trident, miaka zaidi ya 50 nyuma, waliwataka mashahidi watatu kabla ya kuiruhusu mashine ishike mita chache za mwisho. Hapa shahidi alikuwa mmoja, na nahodha wa pili alipandishwa chomboni bila wa kwanza kuambiwa.

Katika chumba cha marubani ipo kanuni ya siku nyingi kuhusu mtu na mtu. Usukani hauhami kimyakimya: anayeupokea hutamka kwamba ameupokea, na anayeutoa huitikia kwamba ameutoa. Kanuni hiyo haigharimu chochote na haihitaji kompyuta. Everglades, Douala, Lion Air na Addis Ababa zote ni habari za usukani uliohama, au uliodhaniwa umehama, bila tamko na itikio kukamilika, na Atlantiki ni habari ya usukani uliorudi kwa watu waliokuwa wamekwisha kuusahau. Mashine itaendelea kupewa kazi, na nyingi itazifanya vizuri kuliko sisi. Iliyopanda chomboni kama nahodha ifungwe na sheria ya manahodha: itamke inaposhika, itamke inapoachia, na isishike kamwe kwa siri.